Weupe wa chumvi kwenye pevingi za pwani ya Kusini: brashi kwanza, maji baadaye

Upepo wa kusi ukishashika, kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, pevingi nyingi, yaani tofali za zege za kutandika uwanjani, za Mtwara mjini, Mikindani na Lindi huanza kutoa weupe. Unaanzia kwenye kingo za tofali, unaingia mianyani, halafu uwanja mzima unaonekana kama umemwagiwa unga wa muhogo. Mwenye nyumba akiona hivyo hufungua mpira wa maji. Jioni ile uwanja unapendeza. Baada ya siku tatu weupe umerudi, na mara nyingi umezidi.

Maji yaliyomwagwa yaliyeyusha chumvi, sehemu yake ikazama ndani ya tofali na kwenye mchanga uliotandikwa chini. Jua lilipoanza kukausha uso wa tofali, maji yalipanda tena na chumvi yake, yakapaa hewani, chumvi ikabaki juu. Chumvi haiozi na haipotei. Ukiiosha bila kuitoa uwanjani umeihamisha tu kutoka juu kwenda chini, na itapanda. Kazi yote ya kusafisha pevingi pwani inasimama hapo: kila gramu unayoigusa iondoke kabisa, isirudi kwenye mwanya wa jirani.

Ukitafuta maelezo mtandaoni, mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako barabara na vijia humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi ile kwa kawaida ni sodiamu kloridi, ileile inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya Kilwa na Lindi, kwa hiyo tabia yake ni moja. Mazingira ndiyo tofauti. Wao huweka chumvi kwa msimu, kisha mvua huisukuma. Sisi hatuna maji yanayoganda ndani ya tofali na kulipasua, lakini tuna bahari inayoleta chumvi mwaka mzima na kiangazi cha miezi sita kisicho na mvua ya maana. Shauri lao la kumwaga maji kwa wingi linafaa Lindi mwezi wa pili. Mwezi wa nane linaongeza tatizo.

Kwanza ujue ni weupe gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mafundi wengi huita kila weupe fangasi, na mtu akishaambiwa fangasi anakwenda kununua jiki. Weupe wa pevingi una asili tatu, na dawa ya moja haigusi nyingine.

Wa kwanza ni chumvi inayoyeyuka kwenye maji: ya bahari, ya maji ya kisima, au ya mchanga wa ufukweni. Wa pili ni chokaa iliyotoka kwenye saruji yenyewe. Saruji inapokomaa hutoa kalsiamu haidroksidi. Maji huibeba hadi juu, nayo ikikutana na hewa ya ukaa inageuka kalsiamu kaboneti, kitu kigumu kisichoyeyuka kwa maji ya kawaida. Wa tatu ndiyo fangasi na ndugu zake, na hao huwa na madoa ya mviringo, ya kijivu au kijani, wanaishi kivulini chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopata jua.

Usijaribu kwa kumwagia maji na kuangalia. Maji yakilowesha chokaa nayo huonekana imetoweka, kisha inarudi palepale ikikauka. Kwangua unga kidogo kwa kisu, nusu kijiko cha chai kinatosha, utie kwenye glasi ya maji ya mvua au ya chupa, koroga na uache dakika kumi. Ukiyeyuka wote, ni chumvi. Ukituama chini, mwaga maji polepole, kisha kamulia ndimu au dondoshea siki kwenye masalia. Yakichemka vipovu ni chokaa. Yasipochemka huenda ni vumbi la mchanga tu. Mara nyingi utakuta mchanganyiko: sehemu imeyeyuka, sehemu imebaki ikatoa vipovu. Hapo shughulikia chumvi kwanza, chokaa baadaye, usigeuze mpangilio.

Kuna dalili nyingine ambayo haihitaji glasi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa hadi kulowana pale unyevunyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75. Usiku wa pwani kiwango hicho hupitwa kwa urahisi, mchana wa kiangazi hushuka chini yake. Kwa hiyo pevingi yenye chumvi asubuhi ina madoa meusi ya unyevu ingawa hakuna mvua wala umande wa kuonekana mahali pengine, na kufika saa nane mchana madoa yaleyale yamekuwa meupe. Chokaa haifanyi hivyo. Huku kulowana na kukauka kila siku ndiko kunakoila tofali dhaifu: fuwele za chumvi zinakua ndani ya vitundu vya zege, zinasukuma, na uso unaanza kufanya unga na kubabuka. Tofali lililoshindiliwa vizuri kwa mashine, lenye saruji ya kutosha na lililomwagiliwa wiki nzima, huvumilia miaka mingi. Lile la saruji haba huonyesha mawe yake mapema.

Masasi, Nachingwea au Newala, mbali na upepo wa bahari, weupe kwenye pevingi mpya mara nyingi ni chokaa. Ukiwa Shangani au kando ya ghuba ya Mikindani, anza kwa kushuku chumvi.

Inatoka wapi

Usisafishe kabla ya kujua mlango wa kuingilia. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, maana yake ndoo moja ya lita 20 ikimwagika na kukaukia uwanjani imeacha gramu 700. Gari la samaki likisimama mlangoni kwako barafu ikidondoka, au mtu akikaushia ng'onda moja kwa moja kwenye pevingi, chumvi huingia kwa njia hiyohiyo. Samaki wa chumvi wakae kwenye chanja, na chini ya chanja kuwe na beseni au turubai la kukinga maji yanayochuruzika. Magunia ya chumvi yakae juu ya mbao na nailoni chini yake, kwa sababu gunia hujikamua lenyewe usiku kucha hewa ikiwa na unyevu.

Mlango wa pili hauonekani kwa urahisi: maji ya kuoshea. Ulimi wa mtu huanza kuhisi ladha ya chumvi kwenye maji pale kloridi inapokaribia miligramu 250 kwa lita, na visima vingi vya karibu na ufuko viko juu ya hapo kwa mbali. Kisima chenye gramu moja tu ya chumvi kwa lita, ambacho watu hukiona cha kawaida kwa kufulia, kinaacha gramu 20 kwa kila ndoo inayokaukia chini. Ukideki uwanja kwa ndoo tatu kila siku umeweka karibu kilo 1.8 kwa mwezi. Watu huosha kwa bidii kila asubuhi na ndio wanaoipanda chumvi wanayoilalamikia. Ikiwa unaonja chumvi kwenye maji, yasiguse pevingi kabisa. Tumia ya bomba au ya mvua kutoka kwenye simtanki.

Na hata ya simtanki yana sharti. Wakati wa kusi bati la nyumba iliyo karibu na bahari hukusanya chumvi na vumbi miezi yote ya kiangazi. Mvua ya kwanza inaishusha yote. Ile mistari myeupe inayokaa chini ya upenu, sambamba na ukuta, imetoka huko. Acha mvua ya kwanza ya msimu ipite nje ya tanki, na kama nyumba haina mifereji ya bati, weka ukanda wa kokoto wa nusu mita chini ya upenu badala ya pevingi.

Mlango wa tatu ni mchanga. Mchanga wa ufukweni ni mwepesi kupatikana na bei yake inavutia, lakini ukitengenezewa tofali au ukitandikwa chini, hakuna kusafisha kutakakomaliza. Upime hivi: kikombe kimoja cha mchanga, vikombe viwili vya maji ya mvua, tikisa ndani ya chupa kwa dakika mbili, uache utuame. Mimina maji ya juu kwenye mfuniko safi wa sufuria, yakaushe juu ya moto mdogo. Fanya vilevile kwa maji ya mvua peke yake kwenye mfuniko mwingine. Ukiona gamba jeupe kwenye wa kwanza na hakuna kwenye wa pili, mchanga huo usiingie kwenye kazi.

Tofali nalo hupimwa kabla ya kununua gari zima. Lisimamishe kwenye trei yenye maji ya mvua yenye kina cha sentimita 2.5, uongeze maji yakipungua, kwa siku saba, kisha likaushe. Weka jingine la kundi hilohilo pakavu kwa kulinganisha. Lililolowekwa likitoka na ukoko mweupe kichwani, limebeba chumvi au chokaa nyingi, na kipimo cha glasi kitakuambia ni ipi. Maabara hutumia njia ya namna hii kwa matofali, nyumbani inatosha sana.

Kuitoa wakati wa kiangazi

Vifaa ni vichache: brashi ngumu ya nailoni yenye mpini mrefu, brashi fupi ya mkono ya kingo, fagio laini, koleo la taka, mfuko wa sandarusi, ndoo mbili za rangi tofauti, sponji kubwa mbili, na raba ya kusukumia maji. Brashi ya waya iache. Inakwangua uso wa tofali, na vipande vyake vikibaki mianyani hupata kutu haraka kwa hewa yetu, ukabaki na madoa ya kahawia ambayo ni magumu kuliko chumvi.

Anza kati ya saa nane na saa kumi alasiri, siku yenye jua na upepo. Saa hizo chumvi imekauka kabisa na iko juu. Asubuhi imelowa, ukiipiga brashi unaipaka. Piga brashi kwa mshazari kuvuka mianya, usifuate mwanya, la sivyo unaufukua mchanga wake. Kusanya unga kwa fagio laini na uzoe kila baada ya mita mbili au tatu. Usiusukumie bustanini. Mnazi utastahimili, ila ukoka, mchicha na miti michanga ya matunda haitastahimili. Uutie kwenye mfuko wa sandarusi uondoke na taka.

Ukifanya hivyo tu, bila maji, kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki mbili, uwanja mwingi wenye chumvi ya wastani hupungua weupe kwa namna inayoonekana. Kila jua linapovuta chumvi juu, wewe unaiondoa. Watu huidharau hatua hii kwa sababu haina maji wala povu, lakini ndiyo inayotoa chumvi nyingi zaidi kwa jasho dogo.

Baada ya mizunguko hiyo ya brashi kavu, kama bado kuna ukoko ulioshika, ndipo maji yaje, tena kidogo. Kipimo ni lita mbili kwa mita moja ya mraba. Uwanja wa mita 20 za mraba ni ndoo mbili za lita 20. Fanya jioni jua likishapungua ili maji yasikaukie mkononi, na ushike eneo la mita nne au tano kwa wakati. Ndoo ya kwanza ni ya maji safi. Nyunyiza, sugua dakika moja hadi mbili, kisha kabla maji hayajazama yasukume kwa raba hadi mahali pamoja na uyanyonye kwa sponji. Kamulia kwenye ndoo ya pili. Sponji iliyonyonya maji ya chumvi isirudi kwenye ndoo ya kwanza hata mara moja, ndiyo sababu ya rangi mbili. Hoteli na ofisi zenye mashine ya kufyonza maji zitaona kazi hii ikienda haraka mara kadhaa.

Kesho yake alasiri weupe utatokea tena. Usikate tamaa, umeitwa juu na maji ya jana. Uondoe kwa brashi kavu. Jioni rudia maji. Mizunguko mitatu au minne kwa kawaida inatosha. Ukiwa na kile kipimo kidogo cha TDS wanachotumia wauza maji, kinachoonyesha wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka, pima maji ya ndoo ya pili kila mzunguko: namba ikishuka sana kutoka jana, endelea. Ikiwa imekaribia kutulia, kilichobaki juu kimekwisha na unachokivuta sasa kinatoka chini, kwa hiyo acha kumwaga maji na utafute chanzo.

Sabuni ya unga usiitumie. Nyingi huwa na magadi na sodiamu salfeti, na sodiamu salfeti ni miongoni mwa chumvi zinazobabua zege na mawe vibaya zaidi zikikauka ndani yake. Palipo na mafuta ya gari, tone la sabuni ya maji ya vyombo kwa doa hilo peke yake. Jiki nayo haina kazi kwenye chumvi: ndani yake tayari mna chumvi ya kawaida, na inapovunjika huacha nyingine. Itumie tu pale ulipohakikisha kuna kuvu, suuza, basi.

Kwa doa moja lililozama, mfano mahali lilipokaa pipa la samaki, tumia kibandiko. Chana karatasi zisizo na wino au tishu, loweka kwenye maji ya mvua mpaka ziwe uji mzito, changanya na mchanga wa mto uliooshwa kwa kiasi sawa, pakaza unene wa sentimita moja na nusu juu ya tofali lililoloweshwa. Funika kwa nailoni siku mbili ili chumvi ipate muda wa kuhamia kwenye kibandiko, halafu funua kikauke hadi kijibandue. Kitupe, usikitumie tena. Rudia mara mbili au tatu. Ni kazi ya doa, uwanja mzima hauwezekani hivi.

Wakati wa mvua

Kuanzia Desemba mambo hugeuka, na hapa maji mengi ni rafiki. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa mita ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 imemwaga lita 50, ndoo mbili na nusu, kwa kila mita ya uwanja wako, tena maji yasiyo na chumvi. Mtwara hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, sehemu kubwa kati ya Desemba na Aprili. Hakuna mpira wa maji unaoshindana na hilo.

Kazi yako ni kuisaidia mvua. Wiki moja kabla, uwanja upigwe brashi kavu. Mitaro na vichungi vya chemba vizibuliwe. Mteremko uwe na sentimita 2 kwa kila mita, na ukiona dimbwi limebaki saa mbili baada ya mvua, hapo pamebonyea, na chumvi ya uwanja mzima itakusanyika hapo likikauka. Wakati mvua inanyesha, sukuma maji kwa raba kuelekea mtaroni. Na kama unataka kutumia mashine ya presha, ndio msimu wake: nozeli ya kupanua maji, umbali wa sentimita 30, mshazari, wala si wima juu ya mwanya. Presha ya kiangazi inaingiza maji chini kwa nguvu na kufukua mchanga wa mianya, na tofali zikianza kucheza chini ya gurudumu utalipa zaidi ya ulivyookoa.

Asidi

Asidi ya kusafishia vigae na vyoo ndiyo ya kwanza kutajwa na ndiyo inapaswa kuwa ya mwisho. Kwenye chumvi ya bahari haifanyi kitu chochote ambacho maji hayafanyi. Kwenye chokaa inafanya kazi, lakini tazama inachoacha: asidi haidrokloriki ikila kalsiamu kaboneti inazaa kalsiamu kloridi, chumvi inayonyonya unyevu kuliko ile ya mezani. Ni miongoni mwa chumvi zinazomwagwa barabarani huko kwenye barafu. Kwa hiyo uwanja uliosuguliwa kwa asidi na kusuuzwa kidogo hubaki na madoa meusi ya unyevu kwa miezi, na mwenyewe hajui kwamba ameleta chumvi mpya. Pia asidi haibagui: ikimaliza chokaa ya juu inakula saruji, mchanga unajitokeza, rangi ya tofali inachakaa, na uso uliokwaruzika unashika uchafu na chumvi zaidi.

Chokaa ya tofali mpya iache. Hupungua yenyewe kwa mvua na kukanyagwa, kwa kawaida katika mwaka mmoja au miwili, na haina maana kwamba tofali ni baya. Kama ni lazima iondoke, hakikisha kwanza kwa kipimo cha glasi, kisha jaribu kwenye tofali mbili za pembeni. Asidi ya dukani yenye nguvu ya asilimia 30 hivi iwe sehemu moja kwa 20 za maji. Asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usigeuze. Loweka tofali kwa maji safi mpaka ziache kunywa, ili asidi ikae juu isizame. Pakaza, subiri vipovu viishe, dakika tatu hadi tano, sugua, kisha suuza kwa ndoo moja ya lita 20 kwa mita ya mraba angalau, na uyakusanye au yaende mtaroni. Kwa sababu ya wingi huo wa maji kazi hii ni ya msimu wa mvua tu. Vaa miwani, glavu za mpira na buti. Asidi na jiki visikutane hata kwenye ndoo moja isiyosuuzwa, vinatoa gesi ya klorini inayoua. Itumie mbali na geti la chuma, kwani mvuke wake peke yake unaleta kutu. Na ukiwa Mikindani au Kilwa, jirani na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, asidi isikaribie kabisa: ukuta wenyewe ndicho chakula chake.

Kwenye maghala ya Mtwara kuna unga mwingine unaochanganywa na mambo haya, salfa ya kupulizia mikorosho ikimwagika. Ni ya njano, haiyeyuki kwa maji, na ikiachwa mianyani bakteria huigeuza polepole kuwa asidi ya salfa inayokula zege na kuacha weupe wa jasi. Izolewe kavu, taratibu, bila cheche wala sigara karibu kwa sababu vumbi lake linashika moto, na isimwagiwe maji ikashuka chini.

Kabla ya kupaka kitu chochote juu

Vanishi na rangi za kung'arisha pevingi zinauzwa, na uwanja unaonekana mpya siku ya kwanza. Chumvi ikiwa bado ndani, fuwele zitakua chini ya ule utando, utando utakuwa na ukungu mweupe, kisha utabanduka vipandevipande pamoja na ngozi ya tofali. Kama unataka kinga, tafuta ile inayozama ndani na kuruhusu tofali kupumua, ya sileni au siloksani, upake baada ya msimu wote wa mvua kupita, tofali zikiwa kavu, na weupe ukiwa haujatokea kwa wiki nne mfululizo. Nyumba nyingi hazihitaji.

Mahali pa kuangalia kwa makini zaidi ni pale pevingi inapokutana na nguzo ya geti, ukuta au baraza lenye nondo. Tofali la pevingi halina chuma, chumvi peke yake hailiui haraka. Nondo ndizo zinazoumia. Usisukumie maji ya chumvi kuelekea ukutani, na acha uso wa pevingi uwe chini ya tabaka la kuzuia unyevu la msingi kwa sentimita 15.

Ikibidi kufumua

Ikiwa umefanya mizunguko yote, maji ni safi, hakuna samaki wala magunia, na weupe unarudi kila wiki katika eneo lilelile, chanzo kiko chini: mchanga wa ufukweni, au maji ya ardhini yaliyo karibu na yanapandishwa na mchanga laini. Fumua mita moja ya mraba katikati ya eneo hilo na upime mchanga wake kwa njia ya mfuniko. Chukua na wa sentimita 30 chini, upime peke yake.

Mchanga wa kutandikia ukiwa na chumvi na wa chini hauna, utoe wote, zioshe tofali kwa maji yasiyo na chumvi na uzikaushe juani, upige brashi, uzirudishe juu ya mchanga wa mto. Wa chini nao ukiwa na chumvi, chimba hadi upate nafasi ya sentimita 15 za kokoto za milimita 10 hadi 20, safi, zisizo na vumbi. Maji hayawezi kupanda kwenye nafasi kubwa za kokoto kama yanavyopanda kwenye mchanga. Juu ya kokoto weka kitambaa cha jiotekstaili ili mchanga usizame, kisha mchanga wa mto wa sentimita 3 hadi 4, halafu tofali. Nailoni usiweke badala ya kitambaa. Itazuia maji ya chini, ni kweli, lakini itashika pia ya mvua, tofali zitaogelea.

Mianya ijazwe kwa mchanga mkavu, laini, uliochekechwa na kupimwa kama ule wa kutandikia. Ufagie uingie, pitisha mashine ya kushindilia yenye mpira chini yake, ufagie tena. Baada ya wiki mbili utakuwa umeshuka kwa milimita kadhaa. Ongeza, na baada ya mvua kubwa ya kwanza ongeza tena.